Mpaka wa Kumtania Kiongozi: Stori Inaanzia Lituhi, Siyo Instagram

Kila msanii wa vichekesho akiitwa polisi hapa Bongo, mtandaoni tunaanza upya mjadala ule ule, kana kwamba kumtania mkubwa ni jambo lililoletwa na bando. Na lazima atokee mtu wa kusema, "Jamani, sisi Waafrika, hatumtanii kiongozi, siyo utamaduni wetu." Hiyo sentensi ndiyo inanikera kuliko zote, maana historia inaikataa.

Ushahidi upo hapa hapa nchini. Shuka kusini, pita Songea, pita Mbinga kwenye kahawa ya Wamatengo, halafu teremka milima mpaka ulione Ziwa Nyasa. Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Huko watu waliwaimba wakubwa kwenye ngoma kabla babu zetu hawajajua redio ni nini. Na huko huko, Lituhi, ndiko kwao na mtu aliyewarushia wanasiasa vijembe kwa sauti iliyosikika nchi nzima, na vijembe vyake havikuhesabiwa kuwa kosa. Tutafika kwake.

Kwanza Liuli. Enzi za Mjerumani paliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe lililofanana na ile sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilifika hapo na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, wamekunywa pamoja mara nyingi. Hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi akamfuata mwenzake kwa hasira, akimuuliza kama amelewa au amerukwa na akili. Akakamatwa pale pale. Gazeti la The Times la London likaiandika habari hiyo kama ushindi wa majini.

Sasa fikiria wewe ni kijana wa pwani ile. Wakubwa wawili, waliokuwa wakikutisha kwa bunduki na kodi, umewaona wanagombana kama walevi. Baadaye wanakubeba wewe na wenzako kwenda vitani, kama askari au mpagazi, na unajifunza gwaride lao, filimbi zao, vyeo vyao na jinsi afisa anavyotembea. Vita ikaisha, wakarudi nyumbani, na kando ya ziwa, pande zote, ikashika kasi ngoma ya mganda. Ng'ambo ya Malawi wanaiita malipenga.

Kama hujawahi kuiona, itafute. Wanaume wamevaa nguo nyeupe, kaptula na soksi ndefu, wamepangwa mistari kama jeshi. Ngoma kubwa, filimbi, na vibuyu wanavyovipuliza vikatoa sauti ya tarumbeta. Wana vyeo: mfalme, kapteni, hata nesi. Wanawake nao wana kioda. Kijiji kinaalika kijiji, vikundi vinashindana, na nyimbo zinasema ya mwaka huo: nani kafanya nini, nani kajifanya nani. Profesa Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya ngoma hizi za beni mwaka 1975, alionya tusizione kama kejeli tupu kwa Mzungu. Palikuwa na fahari ndani yake, mashindano, na kusaidiana. Ni kweli. Lakini serikali ya kikoloni yenyewe ilizitilia shaka, ikazichunguza, na vyama vya beni kama Marini na Arinoti vikafunguliwa mafaili. Huwezi kumfungulia faili mtu anayecheza tu. Kuna kitu walikisikia.

Hapa ndipo kwenye kiini cha stori yangu. Wataalamu wawili, Leroy Vail na Landeg White, walikusanya nyimbo za namna hii kusini mwa Afrika, Msumbiji na Malawi zikiwemo, kitabu chao kikatoka 1991. Walichokiona ni hiki: katika jamii hizi maneno ambayo ukimwambia mkubwa kwa mdomo mtupu unaumia, ukiyaweka kwenye wimbo unaachwa. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Sena, bonde la Zambezi, walimwimba bosi wao, Paiva, kwa matusi ambayo mimi hapa siyaandiki, na wakayaimba miaka na miaka. Ruhusa haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya wimbo. Wimbo ndio uliokuwa na leseni.

Kumbuka hilo neno leseni, tutalikuta tena.

Lakini leseni ile ilikuwa na masharti, na hapa ndipo wapenda uhuru wasio na breki huwa wananikimbia. Angalia utani wa makabila. Wangoni wa Songea na Wahehe walipigana vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880. Leo ni watani. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akamsema marehemu mbele ya jeneza, akazuia mazishi mpaka apewe chochote, na ukikasirika wewe ndiye unayeonekana hujafunzwa. Ila sheria haikwepeki: kesho msiba ukiwa kwake, wewe ndiye unakwenda kumsema marehemu wake. Anayerusha tu halafu akirushiwa ananuna, huyo siyo mtani. Ni mtu mwenye dharau.

Na kuna maneno yasiyokuwa utani hata kwenye ngoma. Ukimtaja mtu kwa jina kwamba ni mchawi, hapo umeacha kucheza, kwa sababu kesho yule mtu anaweza kuchomewa nyumba. Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo bado tunayo, inalifanya hilo kuwa kosa. Ni sheria ya mkoloni, ndiyo, lakini ilichokiona ni cha kweli: uongo unaomwondolea mtu usalama wake hauwi kichekesho kwa sababu umepigiwa ngoma.

Kwa hiyo kwenye ngoma mpaka ulikuwepo, ila haukulindwa na askari. Ulilindwa na ukweli kwamba aliyetaniwa yupo pale pale, ana kundi lake, na atajibu.

Redio ndiyo iliyovuruga huo mpangilio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani bara kwa miongo, mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango, Radio One ikaingia 1994. Kabla ya hapo vichekesho vilikuwepo, wazee wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, na vilikuwa vitamu kwelikweli. Lakini vililenga walaghai wa mtaani, wavivu, wajanja wa mjini. Wimbo ukapanda hewani, jibu likabaki chini. Redio moja, mwenye redio mmoja.

Sasa Kapteni Komba.

John Komba, mtoto wa Lituhi, mwalimu kisha mwanajeshi, alikuwa na sauti ambayo hata ukiwa hupendi chama chake lazima ugeuke. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikaanzishwa Tanzania One Theatre, TOT, naye akawa kiongozi wake na uso wake. Kazi ilikuwa wazi: kampeni za CCM. Kila uchaguzi TOT ilipanda jukwaani, wapinzani wakapigwa vijembe vya uroho wa madaraka na kutojua kuongoza, umati ukacheka, na nyimbo zikarushwa redioni mpaka watoto wakazishika. Mwaka 2005 akawa Mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo la pwani ile ile ya mganda. Aliyekuwa akiwaimba wanasiasa akawa mwanasiasa. Alifariki Februari 2015, akazikwa kwao.

Simsemi marehemu kwa ubaya. Komba alikuwa msanii mkubwa na alikuwa anafanya kitu cha kwao: kapteni wa mganda anasimama mbele ya kundi lake, anamtania kapteni wa kundi la pili. Shida ni kwamba kundi la pili halikupewa ngoma. Mtu wa upinzani aliyetaka kujibu kwa wimbo ule ule, kwa redio ile ile, angepita mlango gani?

Na kumbuka alivyokuwa mkali. Mwaka 2014, joto la Katiba mpya likiwa juu, alisema hadharani kwamba serikali tatu zikipita yeye ataingia msituni. Nchi ilimjadili, wengine walimkemea, maisha yakaendelea. Nadhani ilikuwa sahihi kumchukulia hivyo. Kila mtu alimwelewa kwamba ni Komba anaongea kwa Kikomba. Lakini mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alipomwita Rais Magufuli bwege kwenye Facebook, alitiwa hatiani, akaambiwa alipe shilingi milioni 7 au aende jela miaka mitatu. Ukiyaweka maneno hayo mawili mezani, msitu na bwege, uniambie lipi lilikuwa zito zaidi.

TOT hiyo hiyo ilikuwa na taarabu, na hapa kuna somo jingine ambalo kizazi chetu tumelisahau. Miaka ya tisini Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, walipashana mpaka mji unatetemeka. Sheria ya mpasho: hutaji jina. Unaimba juu ya fulani, mtu asiye na uso. Shabiki ananyanyuka, anakwenda kutunza, pesa mkononi, lakini macho anampelekea adui yake aliyekaa meza ya tatu. Aliyeguswa akiinuka kulalamika amejitaja mwenyewe, amekwisha. Hilo ndilo lililokuwa kinga ya msanii. Kesi haiwezi kuanza bila mtu kusema, "Huyo ni mimi."

Mtandao umekuja na kutuonyesha kwamba wakubwa wa leo hawaoni aibu hiyo tena.

Oktoba 2019, Idris Sultan, yule mshindi wa Big Brother Africa ya 2014, alibadilisha nyuso kwenye picha, sura yake kwa Rais Magufuli na ya Rais kwake, akatania kwamba wamebadilishana kazi ili mzee afurahie siku yake ya kuzaliwa. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa salamu ya birthday. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, akamjibu Instagram kwamba haijui mipaka ya kazi yake, aende kituo chochote cha polisi. Ona neno hilo, mipaka ya kazi. Mei 2020 Idris akashikwa tena, siku kadhaa ndani, baada ya video akicheka picha ya zamani ya Rais akiwa na suti iliyompwaya. Kusema kweli klipu yenyewe haikuwa hata utani mkali. Alikuwa anacheka tu. Na alipofikishwa Kisutu, mashtaka yakawa ya laini ya simu. Kicheko hakikutajwa, maana hakuna kifungu cha kicheko.

Ney wa Mitego tunamkumbuka. Machi 2017, wimbo "Wapo", akakamatwa akiwa Morogoro, BASATA ikaufungia. Siku iliyofuata waziri mpya wa habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza Dodoma kwamba Rais ameupenda wimbo, Ney aachiwe, upigwe, na ikiwezekana aongezee wakwepa kodi na wauza unga. Tulishangilia sana siku ile. Nami naelewa kwa nini. Ila tulishangilia nini hasa? Wimbo uliokuwa kosa Jumapili ukawa halali Jumatatu kwa sababu mtu mmoja kaupenda. (Mwakyembe alikuwa Mbunge wa Kyela, kule ncha ya kaskazini ya ziwa hilo hilo. Sijui kama aliufikiria mganda.)

Halafu leseni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitaka mwenye blogu alipe ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1. Kanuni za 2020 zikaorodhesha yaliyokatazwa, yakiwemo maneno ya kuidhihaki Jamhuri na alama zake. Umeona safari ya neno? Pwani ya Nyasa leseni ilikuwa ya wimbo. Sasa ni ya mtu, ina namba, inalipiwa, na inaweza kusimamishwa.

Na ilisimamishwa. Oktoba 2024 gazeti la The Citizen liliweka mtandaoni katuni ya video: mwanamke anabadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli anakutana na watu wanaolilia ndugu zao waliopotea au kutekwa. Hakutajwa jina. Ilikuwa mpasho wa kawaida kabisa kwa kanuni za Kopa na Nasma. TCRA ikasimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30. Na kwa adhabu hiyo, nchi nzima ikaambiwa rasmi kwamba yule mwanamke asiye na jina ni nani. Katuni peke yake isingeweza kulisema kwa uhakika kiasi hicho.

Wakenya walijifunza mapema kidogo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Moi akiwa bado Ikulu, vijana watatu wa Redykyulass walianza kumwigiza kwenye televisheni: ile sauti, ile rungu. Watu walikaa wanasubiri wakamatwe. Hawakukamatwa, Kenya haikuanguka, na mmoja wao, KJ, yaani John Kiarie, leo ni mbunge naye anachekwa na wenzake. Siyo kwamba kule ni peponi. Aprili 2025 wasichana wa Butere na tamthilia yao walipigwa mabomu ya machozi. Lakini angalau mwaka 2017 Mahakama Kuu yao ilifuta kosa la jinai la kumkashifu mtu na lile la kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma.

Basi mpaka uko wapi? Nitasema ninavyoona, wala sitajificha.

Uongo unaomtaja mtu kwa tendo la jinai, ukijua ni uongo, huo ni uchawi wa mganda: umetoka nje ya uwanja. Kuhimiza watu wakamdhuru mtu, vivyo hivyo, hata ukiweka emoji ya kucheka mbele. Kuchekesha kwa mtoto wa kiongozi, ugonjwa wake, kabila lake, hapo ni uvivu na ni ushamba, na sisi watazamaji tunapaswa kuacha kulaiki. Lakini ushamba hautibiwi na mahabusu. Ujerumani, mchekeshaji Jan Böhmermann aliposoma kwenye televisheni shairi chafu juu ya Erdoğan mwaka 2016, mahakama ya Hamburg ililipitia mstari kwa mstari, ikakataza mistari 18 kati ya 24, ikaacha iliyogusa siasa. Yeye hakulala ndani hata usiku mmoja. Na kile kifungu cha kale cha kumtukana kiongozi wa nchi ya kigeni kikafutwa. Unaweza kubishana na idadi ya mistari. Huwezi kusema hawakujua wanachokikata.

Wala hatuhitaji kwenda Hamburg. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na Desemba 2014, katika kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, ilisema kifungo kwa sababu ya kashfa kilivunja haki yake, na kwamba mtu wa umma lazima avumilie kusemwa kuliko mtu wa kawaida. Mtu wa umma. Aliyeomba kura, aliyeimba jukwaani, aliyepewa maikrofoni.

Maana maikrofoni wanazo. Agosti 2021 Rais Samia, mbele ya kamera, alizungumzia vifua vya wachezaji wa kike wa mpira, kwamba baadhi ukiwaona utadhani ni wanaume. Wapo waliocheka, wapo walioumia, wachezaji wenyewe wakabaki na la kujibu lakini bila pa kulijibia. Hakuna aliyeitwa kituoni, na asingepaswa kuitwa. Ni utani wa kiongozi kwa mwananchi. Mtani anasubiri zamu yake tu.

Na serikali haikosi namna ya kujibu. Ina kurugenzi ya mawasiliano, ina TBC, chama kina bendi na wasanii wanaopanga foleni kila kampeni. Katuni ile ya Oktoba 2024 ilikuwa inauliza kitu kimoja, wako wapi waliopotea. Jibu la kikapteni, jibu la Lituhi, lingekuwa kupanda uwanjani na katuni yako, wimbo wako, au majina ya waliopatikana. Badala yake wasomaji wa Mwananchi walifungua simu, wakakuta kurasa kimya kwa mwezi mzima, na swali la katuni likabaki pale pale lilipokuwa.